Mhudumu Aliyekula Sahani ya Mama Yangu

Nilianza kumchukia yule binti mhudumu siku nilipomsikia akimtania mama yangu kwa Kifipa, lugha ya kwetu. Hakikuwa Kifipa cha kubabaisha, cha salamu mbili halafu mtu anakimbilia Kiswahili. Alizungumza kama aliyezaliwa Mpui, kijijini kwetu, na Mpui hajawahi kulala hata usiku mmoja. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia kijiji cha Milepa na ng'ombe wao yeye akiwa mtoto. Mama ndiye aliyemfundisha, pale pale kitandani katika nyumba ya wazee, kwa miezi michache tu. Mimi niliyetoka tumboni mwake, Kifipa changu kina kutu. Nilipelekwa bweni nikiwa darasa la tatu, nikatoka bweni hilo nikaingia lingine, na sasa nimevuka hamsini na bado naishi bwenini, kwa sababu kazi yangu ni umatroni katika shule ya wasichana hapa Sumbawanga.

Watu huongea juu ya wivu kana kwamba ni ugonjwa wa wapenzi. Wangejaribu kuwa na mama mzee anayeogeshwa, anayepakwa mafuta miguuni na kuchekeshwa na mtoto wa mtu mwingine. Mimi ule wivu ulinikata maini. Nilikuwa nalala nao na kuamka nao, na asubuhi nilipowakagua mabinti vitanda vyao, yeyote aliyecheka nilimpa adhabu.

Mama aliingia katika ile nyumba ya wazee baada ya kuanguka jikoni kwake. Alikuwa anasonga ugali, akateleza, akakaa chini tangu asubuhi mpaka mchana jirani alipokuja kuomba moto. Nyonga haikuharibika sana, lakini tangu siku hiyo hakuweza kwenda chooni peke yake, na kumbukumbu nazo zikaanza kuchomoka moja moja. Mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki hai. Chumba changu kiko ndani ya bweni na kanuni za shule haziruhusu ndugu kuishi humo. Ningeweza kuacha kazi. Nalisema hilo mwenyewe kwa sababu watu wa Mpui walilisema kabla yangu, na kwa sauti: analea mabinti wa watu, mama yake kamtupa kwa masista.

Kwa hiyo siku ya kumpeleka nilikwenda kama mkaguzi. Nyumba iko pembeni ya mji, inaendeshwa na masista wachache, na wazee hawafiki ishirini. Nilivuta vishikizo vya ukutani kwa nguvu zangu zote nione kama vitang'oka. Nilivua viatu nikasimama kwenye sakafu ya bafu iliyomwagiwa maji, nione kama nitateleza. Nilijaribu kufungua kabati la dawa, likawa limefungwa kwa ufunguo, nikadai kujua ufunguo anakaa nao nani. Niliuliza maji ya kuoga wanapimaje joto, mlango wa dharura unafunguka upande gani, usiku nani anabaki macho. Yule binti, aliyekuwa na wiki chache tu kazini, alinifuata nyuma akinijibu kila swali kwa heshima. Sikupata kasoro. Nilirudi shuleni nimekasirika, kwa sababu mtu anayemwacha mama yake mahali pabaya anaweza kurudi kumchukua, lakini mahali pazuri panakunyima hata hiyo sababu.

Nilikuwa naenda kumwona Jumapili baada ya misa, na Jumatano mchana nikipata upenyo. Jumatano nilifika nimeshakula, maana matroni ndiye anayeonja chakula cha shule kabla wanafunzi hawajapakuliwa. Mama alikuwa ananipokea vizuri mno. Kwetu mtu wa heshima anasalimiwa kwa kushuka chini na kupiga makofi taratibu. Aliponiona na viatu vyangu vya kazini, alianza kuteremka kitini ili anipigie makofi mimi, niliyetakiwa kushuka mbele yake.

"Karibu, mwalimu," akasema.

Binti alimwahi, akamshika chini ya makwapa, akamnong'oneza kitu. Mama akacheka, akapiga makofi akiwa amekaa.

"Nimemwambia magoti yake yako likizo, apige mikono tu," binti alinitafsiria.

Alinitafsiria lugha ya mama yangu. Nikamshukuru. Mimi nilikuwa mwalimu, wakati mwingine mgeni, siku moja nilikuwa mama wa kanisani. Yule binti alikuwa mwanangu. "Mwanangu, nipe fimbo." "Mwanangu, funga dirisha, upepo." Kisha mama alikuwa ananigeukia mimi na swali lake la kila siku, "Umekula?" nami najibu kama nilivyofundishwa kumjibu mwenye nyumba, "Nimekula, mama, asante."

Ilikuwa Jumatano ya Julai, upepo wa Ufipa ukipuliza ule wa kupenya koti. Wanafunzi walikuwa kwenye mitihani, nikatoka mapema. Lango la mbele lilikuwa limejaa vumbi, nikapita nyuma, na njia ya nyuma inapita chini ya dirisha la chumba cha mama. Nikachungulia. Sahani ilikuwa moja juu ya stuli, ugali wa ulezi na maharage. Mama na yule binti walikuwa wamekaa magoti yakigusana. Mama alimega tonge, akalitoboa kwa kidole gumba, akachota maharage, akalipeleka mdomoni kwa binti. Binti akala. Mama akamega lingine, akala mwenyewe. Kisha la binti tena. Mama alikuwa na punje ya haragwe kidevuni na anacheka.

Sikumbuki akinilisha hivyo. Inawezekana alinilisha, watoto wote hulishwa, lakini nilitafuta kichwani pale chini ya dirisha na sikuona kitu isipokuwa foleni za mabwalo na sahani za bati. Nilisimama mpaka ugali ukaisha. Kisha nikazunguka mbele, nikabisha hodi, nikaingia natabasamu. Mama akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula.

Sasa, kwenye mlango wa jiko la nyumba ile kuna karatasi ya kanuni, na nilikuwa naijua kuliko wapishi wenyewe. Mmojawapo wa mistari yake unasema mhudumu haruhusiwi kula chakula cha mzee wala kula naye sahani moja. Ni kanuni nzuri. Inazuia magonjwa na inazuia wizi. Shuleni kwangu niliwahi kumwondoa mpishi kwa kula maharage ya wanafunzi na sikukosa usingizi.

Baada ya wiki mbili akaja mkaguzi wa makazi ya wazee, mwanamume mpole mwenye koti zito na fomu ndefu. Alikagua alivyokagua, vitanda, vyoo, daftari la dawa, tarehe za vyakula, mitungi ya kuzimia moto. Mwishoni alikaa na sisi ndugu wa wazee, akatupa kila mmoja karatasi ya maoni. Nikaandika kwa ule mwandiko wangu wa ripoti za bweni: Nimeshuhudia kwa macho yangu mhudumu akila chakula cha mzee kutoka katika sahani ya mzee. Kila neno lilikuwa kweli. Nilichoacha ni mkono uliokuwa unamlisha.

Mkaguzi alisoma, akanivuta pembeni. "Ilikuwa mara moja au ni tabia?"

"Mimi niliona mara moja," nikasema. "Lakini hakuwa anakula kama mtu anayeanza."

Binti aliitwa. Hakukana. Alisema ndiyo, anakula, kila siku, kwa sababu mama hali peke yake. Mkaguzi akaandika ile ndiyo na yaliyobaki hakuyaandika. Sista mkuu aliniangalia mimi, akaiangalia ile karatasi, na kwa kuwa fomu ilikuwa tayari imeshajazwa, hakuwa na la kufanya. Binti aliondoka wiki ile ile.

Nilifurahi, nisidanganye. Nilimnunulia mama kitenge kipya sokoni, nikamfunga kiunoni kwa mikono yangu, nikajiambia sasa tumebaki wenyewe.

Aliyekuja badala yake hakuwa na kasoro hata ya dawa. Alikuwa na cheti, glavu, aproni nyeupe na daftari. Alimkalisha mama wima kama inavyotakiwa ili asipaliwe, akamlisha kwa kijiko, akasubiri ameze, akaandika. Nilipofungua lile daftari nilikuta mwandiko mzuri: amekula nusu. Amekula robo. Vijiko vitatu. Amekataa. Amekataa. Amekataa uji, amekunywa maji. Ripoti ya ukaguzi nayo ilikuja na nyumba ikasifiwa, kasoro moja iliyoonekana imerekebishwa.

Kile kitenge kikaanza kumzunguka mama mara mbili. Sista mkuu alinipigia simu nikiwa stoo nahesabu magodoro.

"Matroni, mama hali. Daktari amempima, haoni ugonjwa. Lakini anasema wiki ikiisha hivi itabidi alazwe atundikiwe dripu, na kwa umri ule hana uhakika kama atatoka. Njoo ukae naye."

Niliomba ruhusa ya siku tatu. Nilimpikia mwenyewe kwenye jiko la masista, ugali wa ulezi laini, maharage niliyoyaponda. Nilitupa kijiko, nikammegea kwa mkono, nikitafuta kufanya nilichokiona dirishani, ila safari hii mlishaji ni mimi. Alifunga mdomo.

"Nimeshiba," akasema.

"Umekula nini, mama?"

"Wewe umekula?"

"Nimekula, mama. Wewe ndiye hujala."

"Basi kama umekula, ondoa vyombo." Akageuza uso ukutani.

Siku ya pili hivyo hivyo. Nilibembeleza, nikaimba, nikakaripia kama ninavyokaripia kidato cha kwanza, na nikikaripia nikaona mkono wake umeng'ang'ania shuka. Nikatoka nje. Sista alikuwa kwenye baraza.

"Anayejua namna ya kumlisha ni mmoja tu," akasema, "na tulimwondoa." Alisema tulimwondoa. Angeweza kusema ulimwondoa. Akanielekeza anakoishi, Kasense, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga.

Nilimkuta uani anapepeta maharage ya mwenye nyumba wake. Aliweka ungo chini, akasimama.

"Shikamoo, matroni."

"Marahaba."

Akanipa kigoda, yeye akakaa kwenye gunia. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani, nikaisahau yote. "Mama hali," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu uondoke."

Aliokota mawe mawili matatu kwenye maharage. Kisha akaniuliza, "Akikuuliza umekula, huwa unamjibuje?"

"Namwambia nimekula. Nimwambie nini kingine?"

"Basi ndiyo hapo. Kila anayeingia mle anamjibu hivyo, hata sista, hata daktari. Ni adabu. Ila mama kichwani mwake bado yuko jikoni kwake. Akisikia watu wameshakula, kwake yeye chakula kimekwisha, kilichobaki ni kuosha vyombo. Lakini akimwona mwenye njaa atamlisha, na akimlisha na yeye anakula. Mimi sikuwa namlisha, matroni. Yeye ndiye alikuwa ananilisha."

"Kwa hiyo nimwambie sijala."

"Mwambie, lakini uwe hujala kweli. Mimi siku ya kwanza nilimdanganya. Alinitazama ninavyotafuna, akasema wewe umeshiba, unanionea huruma. Akaweka tonge chini. Tangu hapo nikawa nakwenda kazini bila kula. Chai ya asubuhi naacha, mpaka saa saba mchana tukae naye."

Nikamuuliza mbona hakumwambia sista mapema. Akasema alimwambia, na sista alikuwa anaandika barua kwa wakubwa wake kuomba ruhusa, mkaguzi akawahi. Alisema hivyo bila uchungu wowote, na ule upole wake ulinichoma kuliko angenitukana.

"Ile karatasi niliiandika mimi," nikasema.

"Najua. Nilisomewa." Akachukua ungo wake. "Na siku ile nilikuona dirishani. Koti la kijani. Nilidhani unakuja ndani, nikamwambia mama tubakize ugali, lakini ulikawia, tukaumaliza."

Kuku wa mwenye nyumba alikuja karibu na maharage, tukamfukuza wote wawili.

Nilipoinuka kuondoka aliniomba kitu kimoja. Alikuwa ameomba kazi katika nyumba nyingine ya wazee, mbali, nao walitaka barua ya alikotoka. Barua aliyonayo inasema aliondolewa kwa kula chakula cha wazee. Hakuniomba nimrudishe. Aliomba tu kama ninaweza kuandika nilichokiona, chote.

Niliandika jioni ile ile, kwenye meza ya masista, na safari hii niliweka mkono wa mama, kidole gumba, haragwe kidevuni, kila kitu. Niliandika pia kwamba haya yote niliyaona tangu siku ile, na kwenye karatasi ya kwanza niliyaacha kwa makusudi. Sista alisoma mara mbili, akasema ataituma kwa mkaguzi na nakala atampa binti. Nafasi yake hapa ilikuwa imeshajazwa. Na huko alikoomba, mpaka ninapoandika haya, hawajamjibu.

"Na mimi nikila na mama sahani moja?" nikamuuliza sista.

"Wewe ni ndugu. Ndugu wanaruhusiwa," akasema. "Siku zote walikuwa wanaruhusiwa."

Usiku ule sikula. Asubuhi masista waliniletea chai na chapati, nikazirudisha. Saa nne tumbo likaanza kunisokota. Saa sita nilikuwa nakasirikia kila kitu, mlango unaogonga, redio ya mzee wa chumba cha pili, harufu ya vitunguu kutoka jikoni. Nikafikiria kwamba yule binti alivumilia hivi siku baada ya siku, akibeba watu wazima kuwapeleka chooni, akiogesha, akifua, akitania kwa Kifipa, kwa ajili ya mama asiye wake. Ilitakiwa nione aibu, na niliiona. Lakini zaidi ya aibu nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu hata ile njaa.

Saa saba nikaingia na sahani. Nikaiweka juu ya stuli, nikasogeza kiti mpaka magoti yakagusana. Mama alinitazama kwa macho yaliyozama.

"Umekula?"

"Sijala, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu jana mchana."

"Mwalimu mzima," akasema polepole, "na viatu vyote hivyo, hawakupi chakula?"

Akanyoosha mkono. Ulikuwa mwepesi mno na ulichukua muda kufika kwenye sahani. Akamega, akafinyanga, akatoboa kwa kidole gumba, akachota maharage, akaniletea. Nilifungua mdomo. Alinitazama nikitafuna, anapeleleza, na nilikuwa na njaa kiasi kwamba sikuhitaji kumdanganya. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamega la kwake, akala.

Tulikula hivyo, langu, lake, langu, lake. Nilikuwa nahesabu matonge yake kimoyomoyo kama mhudumu wa daftari, nikafika saba, nikaacha kuhesabu. Mama alianza kuongea. Alisema ulezi wa mwaka huu una mchanga. Alisema nile taratibu, hakuna anayenifukuza.

Yalipobaki matonge mawili akala moja. Lingine akalifinyanga vizuri, akalitoboa, akalitia maharage, akaliweka ukingoni mwa sahani, akalifunika kwa kiganja.

"Hilo la nani, mama?"

"La mwanangu. Leo amechelewa." Akatazama mlangoni, kisha akanigeukia. "Umemwona huko nje? Amekula?"

Nilimkumbuka yule binti alivyokuwa amekaa juu ya gunia, na ungo mapajani. Sikumuuliza kama amekula. Haikunijia hata kichwani.

"Amekula, mama," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli."

Akaondoa kiganja, akaniletea lile tonge mdomoni. "Basi malizia la kwake na wewe."

Nikafungua mdomo, nikalila.